Mwaka Nilioimba Jina Langu

Mwezi uliopita Riziki alinipigia simu kutoka Buffalo kuniambia kwamba baba yake, Papa Yona, amefariki. Kabla sijamaliza kulia, kundi la WhatsApp la makanisa yetu lilikuwa limeshajaa picha zake, mishumaa, na maneno ya watu ambao hawakuwahi kumsubiri amalize hata sentensi moja. Mmoja aliandika kwamba tumempoteza mtu aliyefunguliwa ulimi kwa maombi. Mwingine akaongeza amina kumi. Niliilaza simu kifudifudi juu ya meza ya jikoni nikaenda kunawa mikono, kama mtu aliyeshika nyama iliyooza. Papa Yona hakufunguliwa ulimi na mtu yeyote. Aliishi na kigugumizi chake na amezikwa nacho, kama nitakavyozikwa mimi na changu. Najua uongo ule wa ndimi kufunguliwa ulianzia wapi kabla haujabandikwa kwake, kwa sababu ulipitia mdomoni mwangu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi Beechmont, kusini mwa Louisville, katika chumba chenye dirisha linalotazama kituo cha basi. Watu hudhani kigugumizi ni kitu kimoja, kwamba kinakaa palepale siku zote kama kovu. Changu kilikuwa na tabia zake. Kwa Kifaransa kilinikaba kabisa, maana Kifaransa nilifundishwa na mwalimu aliyegonga meza kwa rula kila nilipokwama. Kwa Kinyamulenge, lugha ya nyumbani, kilikuja na kuondoka: nikiongea na mtoto mchanga hakikuwepo, nikiongea na mjomba wangu hakuna neno lililopita. Kwa Kiswahili kilikuwa kibaya zaidi kanisani kuliko sokoni. Kiingereza ndicho kilichonishangaza. Miezi ya kwanza nilikisema vibaya, lakini kilitoka mfululizo, kwa sababu nikikisema nilijiona kama nimeazima koti la mtu mwingine, na aibu yangu haikunitambua nikiwa ndani yake. Nilifurahi mno. Nilidhani hatimaye nimepata nchi ya kuongea. Kisha Kiingereza kikaanza kuwa changu, nikaanza kukiota usingizini, na kigugumizi nacho kikajifunza Kiingereza.

Nilifanya kazi kwenye ghala la bidhaa, na huko tulivaa mashine ya masikioni. Sauti ya mwanamke inakutajia rafu, nawe unamjibu kwa kusoma namba iliyobandikwa pale, ndipo anakuambia utoe maboksi mangapi. Wiki ya kwanza nilijua nitafukuzwa. Nilikwama kwenye namba, yule mwanamke wa mashine akasema nirudie, nikakwama tena, akasema nirudie, kwa sauti ileile, bila kushusha pumzi, bila kunimalizia. Sijawahi kukutana na Mkristo mwenye subira kama ile mashine. Siku ya nne nikajaribu kuzivuta zile namba kwa mahadhi kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto, zikatoka zote. Hapo nikawa na hakika na kitu nilichokishuku tangu utoto: nikiimba, kigugumizi hakipo. Sisemi kinapungua. Hakipo kabisa. Miaka mingi baadaye niliwauliza wataalamu kwa nini, wakanieleza kwa maneno ambayo hayakunishibisha, ila walau hakuna hata mmoja aliyeniwekea mkono kichwani.

Kanisani kwetu kuna desturi ambayo kwa mtu kama mimi ni adhabu. Mgeni haachwi akae kimya. Kwaya ikitembelea kanisa jingine, au wageni wakija kwetu, kila mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anataja jina lake, anasema ametoka wapi na ameleta salamu za nani. Mwenye kigugumizi anaweza kulikwepa karibu kila neno. Nikishindwa kusema ndizi nitasema tunda, nikishindwa kusema Jumatatu nitasema kesho kutwa. Jina halina neno jingine la kuliweka badala yake. Mimi ni Tabita, na hiyo herufi ya kwanza ilinikamata ulimi kwenye meno kila mara, macho yakinitoka na shingo ikijaa mishipa. Kwa hiyo nilijifunza kwenda chooni muda wa utambulisho ukifika, na kwenye karamu nilijificha kwenye masinki ya kuoshea vyombo. Akina mama waliniita yule bubu wa kwaya. Hawakusema kwa ubaya, na hilo lilinikera zaidi.

Msimamizi wa kwaya yetu alikuwa Mwinjilisti Rubeni. Alikuwa mtu mnene mwenye viganja laini, anayenyonya pipi za mnanaa tangu asubuhi mpaka jioni, na mfukoni mwa koti alibeba chupa ya mafuta ya zeituni ambayo kifuniko chake hakikufunga vizuri. Lile koti lilikuwa na doa upande wa kulia ambalo lilikua mwezi hadi mwezi. Tulisali mchana katika ukumbi tuliokodi kwa Wamarekani, unaonuka kahawa yao ya asubuhi na zulia lililoloa zamani. Jumapili moja ya Februari tulikuwa na wageni, na Rubeni aliniwahi mlangoni kabla sijatoka kwenda chooni. Alinipa kipaza sauti mbele ya watu wote. Nilikwama. Nilikwama mpaka watoto wa mbele wakaanza kucheka na mama zao wakaanza kuwafinya. Rubeni akaniegemea sikioni, pumzi yake ya mnanaa na samaki wa mchana ikinijaa puani. Akasema, “Bon, usiseme. Imba. Imba jina yako.”

Nikaimba. Nililiimba jina langu kwa sauti ya pambio tulilotoka kuliimba, nikaimba kwamba natoka Beechmont na kwamba nawasalimu, na kila neno lilitoka jeupe. Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti, mama mmoja alivua kiatu akakirusha. Nilimtazama Rubeni nikaona anavyonitazama, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaangalia kushoto na kulia kama mwenyewe yupo. Alichukua kipaza sauti akatangaza kwamba pepo wa ububu amekimbia mbele ya macho yao. Sikuwa na pepo. Nilikuwa naimba kwenye kwaya ileile kwa miaka miwili, mbele ya watu walewale, na hakuna aliyewahi kujiuliza pepo gani huyu anayeenda mapumziko kila pambio likianza.

Nitasema pia jambo linalonichefua zaidi ya Rubeni. Siku ile nilifurahi. Kwenye chakula waliniita kwa jina langu, Tabita, Tabita, njoo ukae hapa, wakanipakulia nyama ya mbavu na bugali laini la katikati ya sufuria, na mtu mwingine akaosha vyombo. Nilikula mpaka nikashindwa kupumua. Nilikuwa na njaa ya kuitwa ambayo sikujua ukubwa wake, na kwa sahani ile nilijiuza mwenyewe, tena kwa furaha.

Wakati wa Pasaka tulikwenda Columbus. Kwaya zetu hutembeleana hivyo, Ijumaa watu wakitoka kazini wanajazana kwenye gari la kanisa na sufuria na magodoro, Jumatatu wanarudi ghalani macho mekundu. Gari lilinuka soksi na kuku wa kukaanga aliyepoa. Tulilazwa Whitehall kwa familia moja, wasichana tisa katika sebule moja. Jumamosi nilikuwa bafuni nikifua soksi zangu kwenye sinki, na kupitia mlangoni nikamsikia Rubeni akiwapangia wazee wa kanisa lile mambo ya kesho, mdomo umejaa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alisema, “Mumwache akwame kwanza. Akwame sana, watu waone huruma. Donc, kisha mimi naweka mukono, kisha kinanda, kisha yeye anaimba.” Mzee mmoja aliuliza kama kweli nitakwama. Rubeni akacheka, akasema kwa hilo hakuna shaka. Nilizikamua soksi zangu. Kisha nikatoka, nikakaa nao, nikala sombe.

Kesho yake ilikwenda kama alivyopanga. Kiganja chake kilinishika uso mzima, kimelowa mafuta, yakanitiririkia mpaka kwenye kola, na vidole vyake vilinuka samaki wadogo tuliokula. Kipaza sauti kilikuwa kimeloa mate ya waliotangulia. Nikakwama, nikawekewa mkono, nikaimba. Alinifundisha pia sentensi moja ya kusema baada ya wimbo, kwamba nilifungwa na Bwana amenifungua, na kwa kuwa niliikariri garini kwa mdundo wa magurudumu, ilitoka bila kugota popote. Baada ya ibada, watu walipokuja kunisalimu, nilijifanya sauti imenikauka nikawa natabasamu na kuitikia kwa kichwa. Walinisifu kwa unyenyekevu wangu. Mwezi wa tano kulikuwa na tangazo lenye picha yangu, mdomo wazi, chini yake imeandikwa binti aliyekuwa bubu.

Agosti tukaitwa Buffalo, na huko mimi na wasichana wengine wawili tulilazwa kwa Papa Yona. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, anayefanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa za kufulia. Alitupokea mlangoni kwa kutushika mikono bila neno. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilimwona akivuta hewa, taya likatetemeka, macho yakaenda pembeni, na mke wake, Mama Riziki, akamalizia haraka: karibuni. Sikuwahi kukutana na mtu mzima mwenye kigugumizi, na ilikuwa kama kujiona kwenye kioo ambacho sikukiomba.

Jikoni, tukikatakata majani ya sombe, Mama Riziki alituambia hali ilivyokuwa. Binti yao Riziki alikuwa anaolewa mwezi wa kumi. Kwetu, siku ya kumtoa binti, wasemaji wa pande mbili huongea maneno yote, wakitaniana, wakibishana, wakikubaliana; baba anaweza kukaa kimya tangu mwanzo. Lakini kabla binti hajavuka mlango, baba mwenyewe anasimama anambariki kwa kinywa chake, watu wote wakisikia. Mdogo wake Papa Yona alikuwa ameshasema kwamba atasimama yeye badala ya kaka yake, ili familia isiaibike mbele ya wakwe. Papa Yona hakubishana. Alikuwa amefunga siku tatu kuisubiri kwaya yetu, kwa sababu alikuwa ameliona tangazo lenye picha yangu.

Jumamosi mchana alinikuta peke yangu mezani, nikimalizia sahani yangu. Akavuta kiti akakaa. Ilimchukua muda mrefu, nami nilitazama chini kwa adabu ya uongo, ileile ambayo wengine hunifanyia mimi. Akauliza, “D-d-donc, wewe u-ulipona? K-k-kabisa?” Ningeweza kutikisa kichwa kukataa. Ningeweza kukwama tu, na kukwama kwenyewe kungekuwa jibu la kweli. Badala yake nilimpa ile sentensi ya garini, nilifungwa na Bwana amenifungua, na ikatoka safi, laini, imepigwa pasi. Ukweli wangu wote ulikuwa na kigugumizi, na uongo ndio ulioteleza. Alinishukuru. Aliniongezea hata samaki.

Siku ya Jumapili wakwe watarajiwa walikuwa wamekaa safu ya tatu. Nilifanya yangu, nikakwama, nikaguswa, nikaimba, watu wakapiga kelele, na moto ukiwa umekolea Rubeni akauliza nani mwingine amefungwa ulimi. Papa Yona akapanda. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyombana mabegani. Rubeni alimmiminia mafuta kichwani, akambana paji la uso, akamtikisa, kisha akamwamuru ataje jina la binti yake. Papa Yona akajaribu. Herufi ya kwanza ilizunguka na kuzunguka kwenye kipaza sauti, na vipaza sauti vya ukutani vikaikuza mpaka ikawa mlio wa kitu kinachochinjwa. Akaamriwa tena. Akaamriwa aimbe, na hakuwa mwimbaji, alitoa sauti moja nzito akanyamaza. Rubeni hakuwa na namna ya kutoka pale isipokuwa moja, nayo aliichukua bila hata kumeza pipi yake. Aliwageukia watu akasema, “Mungu hashindwake. Huyu papa iko na kitu alificha.” Ukumbi ukapoa. Nikaona mama wa bwana harusi akimwegemea mumewe sikioni.

Kisha Rubeni akanipa mimi kipaza sauti, nimwonyeshe Papa Yona inavyokuwa mtu akiamini. Papa Yona alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mafuta yakimtoka kwenye nyusi, ananitazama. Nilitaka kusema sijapona. Naapa nilitaka. Nilifungua mdomo na ile herufi ya kwanza ikanibana, ikawa ndefu, na mpiga kinanda, akidhani ananisaidia, akaanza pambio. Mdomo wangu ukaimba. Sikuuzuia. Watu wakaruka, na Papa Yona, mbele ya wakwe zake, akaanza kunipigia makofi.

Jumatatu asubuhi, gari likipakiwa magodoro, nilimkuta jikoni anachemsha chai ya maziwa. Kwenye chumba cha pili mdogo wake alikuwa kwenye simu akisema kwa sauti kubwa kwamba mambo yamekwisha, upande wa bwana harusi wameomba kaka yake asisimame kabisa, mpaka atubu. Nikamwambia Papa Yona kwamba nilidanganya. Ni neno moja tu, na lilinichukua muda wote ule mpaka maziwa yakafura na kumwagika jikoni. Hakuyashika. Hakunimalizia. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunisubiri hivyo, ukiiondoa ile mashine ya ghalani.

Akasema, “N-n-nilijua. Mutu mwenye alipona ha-hatafutangi neno ingine. Tangu juzi hau-haujataja jina yako hata mara moja.” Nikamuuliza, kwa tabu ileile, kwa nini basi alipanda. Akafuta jiko kwanza. Kisha akasema, “N-nilizani ukiniona pale juu, u-u-utasema.”

Garini waliimba tangu Buffalo hadi mpaka wa Ohio. Nilikaa nyuma juu ya magodoro, nikatapika kwenye mfuko wa plastiki, na dada aliyekaa karibu alisema ni mafuta ya samaki. Wiki nzima nilijibu namba za ghalani bila mahadhi, kwa makusudi, kila moja ikirudiwa mara tatu nne, na msimamizi akaniuliza kama naumwa. Jumapili, saa ya ushuhuda ilipofika kanisani kwetu Louisville, nilinyoosha mkono. Rubeni alifurahi, akanipa kipaza sauti mwenyewe. Nilisema Bwana asifiwe, nikakwama kwenye sijapona.

Walidhani shetani amerudi. Mama mmoja akaanzisha wimbo, kwa upendo, ili unibebe, na kanisa zima likaupokea, na kinanda kikaingia, watu wakinipungia mikono niingie nao. Nilifunga mdomo. Nikasimama na kipaza sauti kifuani, wao wakaimba ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, wakarudia kiitikio polepole, jasho likinitoka mgongoni, hamu ya kuimba ikinipanda kama hamu ya kukohoa. Walipochoka nilikuwa bado nimesimama. Nikaanza upya. Nikasema sijapona. Nikasema sikuwahi kupona, naimba tu. Nikasema Papa Yona wa Buffalo hakuficha kitu, ila mimi. Sijui ilichukua dakika ngapi. Watoto wawili walilala. Rubeni alichukua kipaza sauti, akakifuta kwa leso, akawaambia watu kwamba hivi ndivyo pepo anavyosema akirudi na wenzake. Nikatolewa kwenye kwaya siku hiyohiyo. Lakini kwetu habari haihitaji gari. Nilipofika nyumbani kwa basi, watu wa Columbus walikuwa wameshaisikia, na Buffalo walikuwa wanabishana kwenye simu.

Sikuenda kwenye harusi. Sikualikwa, na nisingejialika. Riziki alinipigia wiki moja baadaye, mara yake ya kwanza kunipigia. Alisema baba mdogo alipoinuka kutoa baraka, baba yake alimshika mkono wa koti akamketisha, kisha akasimama yeye. Alikwama kwenye jina lake Riziki, palepale alipokwama kanisani, kwa muda mrefu mpaka mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza kama babu ni mgonjwa, na wali ukapoa kwenye sahani. Halafu jina likatoka, na baraka ikafuata nyuma yake, kipande kwa kipande, mpaka ikaisha. Nikamuuliza watu walifanya nini muda wote huo.

“Walingoja,” akasema. “Hakuna mwenye aliimba.”